Maua ya msituni: nenda mchana, na uchuchumae

Mkuu, umeuliza imekuwaje uzunguke msituni saa tatu nzima mwezi wa nne usione ua hata moja, wakati wenzako wanarudi na picha tele. Usijilaumu. Mwaka wangu wa kwanza nilirudi hivyo hivyo. Nilikuwa natembea kama nawahi basi, tena alfajiri, nikidhani maua yanataka mtu wa kudamka.

Kumbe alfajiri ndiyo iliyoniponza. Claytonia virginica na Sanguinaria canadensis, mimea midogo ya msituni inayochanua mapema baridi inapoisha, hufumba petali zao usiku na siku za mawingu. Unapita juu yake na huoni kitu. Siku hizi naingia msituni saa sita mchana, jua likiwaka, naanzia miteremko inayotazama kusini kwa sababu ndiyo inayopata joto kwanza. (Nazungumzia misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, ile ambayo miti yake hupukutisha majani.)

Halafu usichelewe. Mimea hii huishi kwa kuiba mwanga: jua hufika ardhini kabla miti mikubwa haijavaa majani, na dari la majani ya miti likishafunga, kwisha habari. Petali za Sanguinaria zinaweza kudondoka siku moja au mbili tu baada ya kufunguka.

Ila kilichonibadilisha hasa ni kuacha kutafuta maua na kuanza kutafuta majani. Asarum canadense ina majani mawili yenye umbo la moyo, na nilikuwa nayapita mwaka hadi mwaka nikiona ni majani tu. Siku moja kamba ya kiatu ilifunguka, nikachuchumaa, nikasogeza majani makavu. Ua lilikuwa limelala udongoni, rangi ya damu ya mzee, limejificha chini ya majani yake lenyewe! Erythronium americanum nayo utaijua kwa majani yenye mabaka ya kahawia. Ukikuta zulia zima la majani hayo, kila mmea na jani moja moja, usisubiri ua hapo. Bado ni michanga. Itafute yenye majani mawili.

Nakuomba usichume Trillium grandiflorum. Mimi nilichuma moja, naona aibu kusema. Majani yake matatu yako chini kidogo tu ya ua, kwa hiyo ukikata bua unaondoka na chakula chake chote cha mwaka huo. Na kutoka mbegu hadi ua la kwanza inaweza kuchukua miaka 7 au zaidi. Mbegu zenyewe husambazwa na sisimizi, ambao huzibeba kwa ajili ya kijinyama chenye mafuta kilichoshikamana nazo, na sisimizi hafiki mbali.

Chagua kipande kimoja cha msitu urudi hapo kila wiki. Hepatica, ua jingine la msitu huu, hutangulia, Trillium huja baadaye, na zile siku saba ulizokosa ndizo mara nyingi Sanguinaria ilipochanua.