Rangi ya kupuliza kwenye mnara wa shule: wekeni msasa pembeni

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule hapa Moshi. Watu wasiojulikana wamepulizia rangi nyeusi picha ya Mwalimu Nyerere iliyochorwa ukutani, wakaandika matusi kwenye mnara wetu wa mawe. Fundi mmoja anataka kupiga msasa, mwingine kumwaga asidi. Tumsikilize nani?

JIBU: Shikamoo mama, na poleni sana. Msimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Rangi hiyo ni utando mwembamba tu. Msasa na brashi ya waya vitachubua jiwe lenyewe, na jiwe halioti tena. Asidi haiondoi rangi hiyo, ila inakula saruji inayoshikilia mawe. Jiki nayo haifui dafu.

Kabla ya kugusa chochote pigeni picha, kisha mkachukue RB (namba ya taarifa yenu) polisi. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na ushahidi mkishausugua umekwisha. Halafu msikawie, maana rangi ya kupuliza kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu.

Tuanze na mnara. Mawe yetu ya huku ni ya volkano, yana vitundu vingi. Ukipangusa kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, peke yake, rangi inayeyuka na kuzama vitunduni, kikabaki kivuli cheusi kisichotoka. Kwa hiyo lowesheni jiwe kwanza kwa maji, mkianzia chini kupanda juu, ili vitundu vijae. Chukueni dawa ya kuondolea rangi, ile nzito kama uji, mchanganye na udongo mweupe wa kaolini hadi ishike kama tope. Bandikeni juu ya maandishi, funikeni kwa nailoni isikauke mapema, mwache saa chache. Mkitoa nailoni, udongo unapokauka unaivuta rangi nje. Kwangueni kwa kipande cha ubao, sugueni kwa brashi laini na maji. Huenda mkarudia mara mbili au tatu, vumilieni. Jaribuni kwanza nyuma ya mnara, eneo la kiganja cha mkono. Vaeni glovu na miwani, na pasiwe na moto wala sigara karibu.

Picha ya Mwalimu inaniumiza zaidi, kwa sababu dawa inayoondoa weusi inaweza kumwondoa na yeye. Kama ilichorwa kwa rangi ya mafuta na imekaa miaka, jaribuni tina kidogo kwenye pamba, pembeni, kamwe si usoni. Pamba ikitoka nyeusi tu, endeleeni polepole. Ikitoka na rangi ya picha, acheni hapo hapo. Kama ilichorwa kwa rangi ya maji, msijaribu kabisa: pakeni prima (rangi ya chini) ya mafuta, maana mkifunika kwa rangi ya maji weusi huipenya ukajitokeza tena juu, kisha mchoraji aichore upya kwa kufuata picha ya zamani.

Haya ni kwa mali ya shule. Jengo la kihistoria kama Boma la Arusha, lililojengwa mwaka 1900 na sasa ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, haliguswi na fundi wa mtaani. Mnatoa taarifa kwa wahusika.

Mkimaliza, msipake vanishi kwenye mnara. Itafungia unyevu ndani, na kwa masika ya Moshi itabanduka pamoja na uso wa jiwe. Nta inatosha: wakirudia, mnaiyeyusha kwa maji ya moto na rangi inatoka nayo.