Maswali ya Wasomaji: Mtunza Kumbukumbu Ana Lipi la Kusema Katika Kikao cha Viwango?

SWALI: Ninatunza kumbukumbu za wagonjwa katika kituo cha afya mkoani Shinyanga. Hivi karibuni niliitwa kwenye kikao cha siku tatu cha kukubaliana viwango vitakavyoiwezesha mifumo ya kompyuta ya hospitali na vituo kupeana taarifa. Asubuhi nzima wataalamu walibishana kuhusu tarehe ya kuzaliwa tu: iandikweje, na iwe ya lazima au la. Nilikaa kimya kwa kuwa mimi si mtu wa kompyuta. Je, kazi hii si yao peke yao? Na kwa nini jambo dogo namna ile liwachukue muda wote huo?

JIBU: Ndugu yetu, laiti ungesema, maana katika chumba kile huenda wewe ndiye uliyelijua jambo hilo kuliko wote. Wafikirie wazee wanaofika dirishani kwako. Bibi anakuambia kwamba alizaliwa miaka michache kabla ya Uhuru, na zaidi ya hapo hajui. Programu inataka siku, mwezi na mwaka, na usipovijaza inagoma kuendelea, huku foleni nyuma yake ikinung'unika. Basi unaandika tarehe 1 Januari. Miezi mitatu baadaye bibi yuleyule anapokelewa na mwenzako, naye anamkadiria tarehe 1 Julai ya mwaka unaofuata. Kompyuta sasa inaona watu wawili. Dawa zake za shinikizo la damu zimeandikwa katika faili moja, na daktari aliye mbele yake amefungua nyingine.

Kiwango kinachoitwa FHIR, kinachosimamiwa na HL7, shirika linaloandika viwango vya kupeana taarifa za afya, na kutumiwa katika nchi nyingi, kinaruhusu tarehe ya kuzaliwa iwe mwaka peke yake, au mwaka na mwezi. Hata hivyo nchi inayokipokea inaweza kukiwekea masharti yake yenyewe, na ikisema kwamba tarehe kamili ni lazima, nafasi ile iliyoachwa kwa ajili ya bibi yetu inafungwa. Inaelekea hicho ndicho walichokuwa wakibishania, nami siwalaumu kwa kutumia asubuhi nzima. Majina nayo yana ubishi wa aina hiyohiyo: kiwango hicho kinatenga jina la ukoo na majina aliyopewa mtu, ilhali wengi wetu tunaandika jina letu, la baba na la babu, kwa hiyo vituo viwili visipokubaliana jina la baba likae wapi, vitapeana taarifa za mtu ambaye havitamtambua.

Unauliza kama wataalamu hawatoshi. HL7 ilianzishwa Marekani mwaka 1987, na toleo la tatu la kiwango chake lilijengwa juu ya ramani moja kubwa iliyokusudiwa kueleza taarifa zote za afya. Ilikuwa kazi ya watu wenye akili nyingi, lakini waliotakiwa kuunda programu kwa kuifuata waliiona ngumu mno, na wengi wao waliendelea na toleo la zamani. Mwaka 2011 Grahame Grieve wa Australia alianzisha kazi iliyozaa FHIR, na desturi moja ya kazi hiyo ninaithamini sana: waunda programu hukutanishwa chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake, wakajaribu kutumiana taarifa wakati kiwango bado kinaandikwa, na panapokwama panarekebishwa. Katika kura za shirika hilo, anayepinga hutakiwa kuandika sababu yake, na kamati hailazimiki kumkubalia lakini inalazimika kuishughulikia hoja yake. Huo ni utaratibu wa watu kusikilizana, hata kama kinachojadiliwa ni mistari ya kompyuta.

Kasoro inabaki kwenye swali la nani anayefika. Tangu 2013 viwango vya HL7 vinapatikana bila malipo, na hilo lilikuwa jambo jema sana kwa nchi kama yetu, lakini kusoma bure na kukaa mezani ni mambo mawili tofauti. Mezani hukaa mtu ambaye mwajiri wake anamlipia muda na nauli, na ambaye Kiingereza cha vikaoni hakimsumbui. Mtu wa dirishani huitwa mwishoni, rasimu ikiwa imekwisha kuandikwa, na ninaamini hilo ni kosa linalolipwa na wagonjwa.

Kabla ya kikao kijacho, chukua rejesta yako ya wagonjwa wa nje na uhesabu, kwa muda wa wiki moja, ni wangapi walioshindwa kutaja siku na mwezi wa kuzaliwa. Iandike hesabu hiyo kwenye karatasi, bila jina la mgonjwa yeyote, mkabidhi katibu kabla mjadala haujaanza, kisha omba iingizwe katika muhtasari.