Konswelo ni wa kike au wa kiume? Na maswali mengine ya majina

SWALI: Shikamoo Mjomba wa Majina. Mi ni msomaji wako toka Mafinga, naomba unisaidie kabla ndoa yangu haijaingia mdudu kisa jina. Nimejifungua mtoto wa kike mwezi wa sita, na ile miezi ya mwisho ya mimba nilikuwa siwezi kazi, nashinda kwenye kochi na blanketi naangalia tamthilia za Kimexico, basi humo kuna bibi mmoja anaitwa Consuelo, bibi mpole huyo, kila mtu akipata matatizo anakimbilia jikoni kwake, anapewa kitu cha moto anakunywa anatulia. Nikasema huyu wangu ataitwa hivyo hivyo. Baba yake hakuwa na neno, yeye kutwa yuko kwenye mbao, akirudi anataka ugali na kulala. Shida ni mama mkwe. Kwanza anasema jina likiishia na o ni la kiume, eti ona Paulo, ona Petro, ona Agustino. Pili anasema jina lilishapangwa siku nyingi, mtoto wa kwanza wa kike arithi jina la mama yake yeye, marehemu bibi Consolata. Juzi alikuwa uani anachambua maharage, akaniuliza bila hata kunitazama, "Sasa huyo Konswelo wako ni nani kwetu?" Nikakosa jibu, nikajifanya mtoto analia. Alafu juu ya hayo yote, nilivyoenda kumwandikisha, karani kasikia jina kaandika jinsi ME, na mtoto nimempakata mbele yake kavaa kofia ya pinki! Je jina hili lina maana gani, limetoka wapi, na kuna watu wanalitumia kweli au nimeokota la kwenye TV tu?
Mama Konswelo mtarajiwa, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Tuanze na la karani, kesho asubuhi rudi na karatasi zako za kujifungulia arekebishe hiyo ME, usiseme nitaenda wiki ijayo, kaherufi kadogo hivyo kakiachwa kanakuja kumsumbua binti akiwa mkubwa. Na mara nyingine soma fomu yote kabla hujaondoka dirishani hata kama foleni nyuma yako inaguna.

Sasa jina. Consuelo ni Kihispania na maana yake ni faraja. Yaani ni neno la kila siku kabisa, Mhispania akifiwa watu wanaenda kumpa consuelo. Kwa hiyo ukiwa unamwita mwanao Konswelo jirani anamwita wa kwake Faraja, mmewapa watoto jina moja, na huku kwetu akina Faraja wamejaa, wa kike na wa kiume.

Limetoka kwenye Kilatini, consolari, kufariji, na hapa naomba uwe na subira kidogo maana ndo utamu ulipo. Wahispania wana tabia moja, ile o ya Kilatini ikiangukiwa na mkazo mara nyingi wanaivunja inakuwa ue. Mlango kwa Kilatini ni porta, wao wanasema puerta. Kizuri ni bonus, wao bueno. Ndo hivyo hivyo consol ikageuka consuel, likapatikana consuelo. Waitaliano wao kwenye neno hili hawakuivunja, wakabaki na consol yao vile vile.

Waitaliano, consol. Umeshaanza kunusa kitu?

Kule Torino, kaskazini mwa Italia, kuna kanisa la hija la Bikira Maria anayeitwa La Consolata. Mkuu wa kanisa hilo alikuwa padre Giuseppe Allamano, huyu huyu aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024, na mwaka 1901 akaanzisha shirika la wamisionari akalipa jina la huyo huyo Mama, kisha mwaka 1910 akaanzisha la masista. Mwaka 1919 wamisionari wake wakafika Iringa, maana Wabenediktini Wajerumani waliokuwepo huku walikuwa wameshaondolewa kwa sababu ya ile Vita ya Kwanza. Wakashika Tosamaganga na misheni nyingine za huku juu, wakabatiza, na unajua misheni ilivyo, mtoto anapelekwa na jina la nyumbani anarudi na la ubatizo. Ndo jina likaingia kwenye koo za Wahehe, Wabena, Wakinga, likakaa mpaka leo limekuwa letu. Toka misa ya pili parokia yoyote ya huku, simama mlangoni uite "Consolata!" uone watakavyogeuka. Dada yangu mwenyewe ni Konso. Na nani Tanzania hii hawakumbuki wale mapacha wetu walioungana, Maria na Consolata, waliozaliwa Ikonda kule Makete mwaka 1996 wakafariki Iringa Juni 2018? Mungu awapumzishe.

Sasa rudi kwa mama mkwe na maharage yake. Jina la bibi, Consolata, ukilichukua neno kwa neno ni "aliyefarijiwa". La mwanao ni "faraja" yenyewe. Kitenzi ni kimoja, Kilatini kile kile, na Bikira Maria ni yule yule mfariji, sema mmoja kapita Italia mwingine kapita Hispania. Kwa hiyo akikuuliza tena Konswelo ni nani kwetu, mwambie bila kuogopa, mama, huyu ni somo wa bibi. Na kama mtoto kazaliwa karibu na tarehe 20 Juni (hukuniandikia tarehe) basi usiongee sana, mwoneshe kalenda tu, hiyo ndo sikukuu ya Consolata.

La herufi o. Mama mkwe hajakosea sana, hata wageni wanaojifunza Kihispania wanajikwaa hapo hapo. Kihispania kimegawa hata vitu, meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume, na kwa kawaida o ni alama ya kiume a ni alama ya kike. Neno consuelo kama neno ni la kiume kweli. Lakini jina la mtu ni la kike, kwa sababu kwa asili halisimami peke yake, kwenye vyeti vya zamani utakuta María del Consuelo, Maria wa Faraja, na María ndo anayebeba ukike wote. Halafu mtaani watu wakamdondosha María wakabaki na faraja. Wako wengi wa namna hiyo na wote ni wanawake, Rosario ni rozari, Amparo ni ulinzi, Socorro ni msaada, Rocío ni umande. Mtoto wa kike anaitwa Umande, na mi nikilifikiria asubuhi ya Mafinga mwezi wa saba naona hilo nalo lingefaa.

Ibada yenyewe ya Maria wa Faraja ni ya zamani. Wanaagustino, watawa wa shirika la Mtakatifu Agustino, wanasimulia kwamba Monika, mama yake Agustino, alipokuwa analia kwa majonzi Bikira Maria alimtokea akampa mshipi kiunoni uwe faraja yake, ndo maana sanamu nyingi za Maria wa Faraja utaona kuna mshipi. Hispania kuna mji unaitwa Utrera, karibu na Sevilla, una kanisa la hija la Maria wa Consolación, ambalo ni jina ndugu tena. Kwa hiyo mkwe wako alivyokutajia Agustino kama mfano wa o ya kiume, hakujua amekutajia mtu wa familia hiyo hiyo ya faraja.

Je, linatumika? Hapa nitakuambia ukweli, bibi wa tamthilia kuitwa Consuelo siyo bahati mbaya. Kule Hispania ni jina la mabibi. Zamani, enzi ambazo kila binti lazima abandikwe sifa mojawapo ya Maria, walikuwa kila mtaa, ila kizazi kile kimezeeka nalo, mabinti wa siku hizi kule ni akina Lucía, Sofía, Martina, na ukisikia mtoto mchanga Consuelo ujue hapo karithishwa bibi. Limesambaa pia Mexico na Amerika ya Kusini, na Ufilipino, maana Wahispania walitawala kule miaka zaidi ya mia tatu, kwa hiyo ukihamia tamthilia za Kifilipino unaweza ukamkuta tena. Mpaka kwa matajiri wa New York liliingia, kuna Consuelo Vanderbilt, kazaliwa 1877, baadaye akaolewa na kabaila mkubwa wa Kiingereza, Duke wa Marlborough, na yeye alipewa jina la mama yake wa ubatizo, Consuelo Yznaga, ambaye baba yake alikuwa Mkuba. Nako ni habari ya somo tu.

Kwa hiyo hapo Mafinga binti yako anaweza akawa peke yake, ila peke yake mwenye ndugu wengi.

Kutamka usiwe na wasiwasi, mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho kama Kiswahili, kon-SWE-lo, na uzuri mwingine halina r, maana sisi wa huku tunajijua na r zetu. Kitu kimoja tu cha kuangalia, kifupi chake kule kwao ni Chelo. Huku usithubutu. Siku moja tu afike shule mstari umeshaanza, "Chelo kachelewa" litaimbwa mpaka amalize la saba. Mwiteni Konso kama mabinti wote wa Iringa, na bibi mkubwa naye nadhani ndo alivyoitwa.

SWALI: Mambo Mjomba, mi naitwa Lugano niko Tukuyu. Mke wangu ni mjamzito, tukipata wa kike nataka aitwe Soledad, nimelisikia kwa mchezaji flani mke wake, linasikika kistaa. Nipe maana nijue.

JIBU: Poa Lugano. Soledad ni upweke.

Najua umeshtuka lakini subiri. Nalo ni la Maria, Maria wa Upweke, yaani ile Jumamosi Kuu mwanae ameshazikwa na yeye kabaki peke yake, huwa wanamvalisha nguo nyeusi, na kule Oaxaca Mexico ndo msimamizi wao. Wahispania wana mabinti wa Dolores pia, maumivu, na Angustias, mahangaiko. Na sisi tusiwacheke, maana nani huku hana shangazi Shida, au Tabu, au Mateso, tena wengine ndo wachekeshaji wa ukoo. Wao ujanja wao uko kwenye kufupisha, Dolores anakuwa Lola, María Soledad anakuwa Marisol, maumivu na upweke vinafichwa humo mtoto anakua salama.

Tatizo langu ni wewe. Lugano kwa Kinyakyusa ni upendo, na huku mtoto anafuata jina la baba, kwa hiyo kwenye daftari la shule itasomeka Soledad Lugano, Upweke wa Upendo. Hapo mama yake siku akielewa maana atakuuliza una nini na nani. Chukua Marisol, au kama unataka kubaki nyumbani kuna Bupe, kuna Lusekelo, zawadi na furaha, na yote hayo mwalimu wa Tukuyu atayaandika bila kukuuliza mara mbili.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mwanangu wa kiume padre mmoja Mtaliano alimbatiza Rosario, ana miaka kumi na mbili. Sasa kuna jirani hapa Makambako anajidai kajifunza Kihispania kwenye simu, anamwambia mtoto jina lake ni la kike, mtoto karudi analia. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mama. Wote. Hispania Rosario ni mwanamke, na kifupi chake Charo. Italia, hasa huko kusini na Sicily, Rosario ni mwanaume na wako wengi tu. Padre alikuwa Mtaliano kwa hiyo mtoto ni wa kiume wa Kiitaliano, jirani amalize somo lake la simu kwanza ndo aje kufundisha watoto wa wenzake. Na Rosario mwenyewe mwambie asijali, ukiniuliza mimi bibi zake wa Makambako walishalimaliza tatizo kitambo, kwao yeye ni Losalio, na Losalio si jina la kike popote pale duniani.