Usianze na mapigano yake

Mdogo wangu wa Majengo, unashangaa wenzako kumshabikia Doctor Doom, yule mtawala mbaya wa vitabu vya katuni vya Marvel, na ukatili wake wote. Hata mimi sikumwelewa mwanzoni. Tafuta kisa cha mama yake: roho yake imeshikwa na Mephisto, shetani wa hadithi hizo, na kila mwaka mwana anakwenda kuipigania, anashindwa, mwakani anarudi tena. Nilikisoma pale Nyerere Square mpaka kahawa ikapoa.

Halafu lile kovu. Reed Richards, mwanasayansi aliyesoma naye chuoni, alimwonya kwamba hesabu za mashine yake zina kosa, akapuuza, ikamlipukia usoni. Stan Lee na Jack Kirby walimleta mwaka 1962, na lawama zote anamtupia aliyemwonya! (Mjomba wangu mmoja yuko hivyohivyo, ila hana jeshi.) Yale mapigano utayarudia baadaye.