Tovuti ya kartiye: anzeni na barua zenye muhuri

Hapa Lubumbashi, kartiye, yaani mtaa, yenye mtaro ulioziba haikosi grupu ya WhatsApp iliyojaa picha za mtaro huo. Mvua ya Januari ikipiga, picha zinamiminika, watu wanatuma sauti ndefu za hasira, na ikifika Jumapili yote yamezikwa chini ya salamu za ibada na matangazo ya kilio. WhatsApp inaita watu haraka, lakini haitunzi kumbukumbu. Kazi hiyo ya kutunza ndiyo ya tovuti, na ndiyo maana majirani waliponiomba niwatengenezee moja, nilianza kwa kuuliza barua walizopeleka kwa wakubwa kuhusu mtaro ziko wapi.

Papa mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa nazo kwenye mfuko wa plastiki. Baadhi zilikuwa na muhuri wa mapokezi na tarehe, nyingine ziliachwa tu mezani kwa katibu wa ofisi. Hizo za pili ni sawa na hazikupelekwa. Mkipeleka barua, pelekeni nakala mbili, na msiondoke kabla moja haijagongwa muhuri, hata kama mtaambiwa mwenye muhuri ameenda kula.

Muhuri una uzito kwa sababu ya kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006. Kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kinasema pia kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kufanya hivyo. Basi ukurasa wetu wa kwanza ulibeba ombi letu kwa sentensi moja, picha ya barua yenye muhuri, tarehe iliyopokelewa na tarehe ambayo miezi 3 inaisha. Mwandishi wa redio akiuliza habari, tunamtumia anwani hiyo tu.

Sentensi moja, narudia. Kwenye mkutano watu walitaka kuongeza umeme, maji, taa za barabarani na kelele za baa. Ni shida za kweli zote, lakini ombi lenye mambo saba linajibiwa kwa maneno ya jumla, na hamtajua mkidai lipi. Tulibaki na mtaro: uzibuliwe na ufunikwe kabla ya mvua za Novemba. Yaya mmoja, yaani mkubwa wetu mmoja, amenuna mpaka leo.

Kuhusu utengenezaji wenyewe sina mengi. Watu wananunua mega za intaneti kidogo kidogo, kwa hiyo ukurasa uwe maandishi zaidi, na kila picha ipunguzwe mpaka chini ya kilobaiti 100. Msiweke video inayojiwasha yenyewe. Jaribuni ukurasa kwenye simu ya mama anayeuza sokoni, ile yenye kioo kilichopasuka, wala si kwenye kompyuta ya fundi. Kiswahili kitangulie, maana ndicho wenye mtaro wanachosoma. Barua ibaki kwa Kifaransa kama ilivyopelekwa.

Pa kuwa makini sana ni majina. Karatasi za sahihi zina majina, anwani na namba za simu za watu waliowaamini. Zipelekeni ofisini, lakini kwenye tovuti andikeni idadi tu. Tangu Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo ya dijitali inayolinda habari za watu binafsi, na hata isingekuwepo, nani anataka namba ya mama yake iwe wazi kwa kila tapeli? Picha nazo zina ujanja wake. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Picha ya kawaida ikipita WhatsApp habari hiyo hufutwa, lakini ikitumwa kama dokima, yaani faili, inabaki. Ifuteni kabla ya kuipandisha, hasa picha iliyopigwa uani kwa mtu.

Ofisi ikijibu, wekeni jibu lake lote bila kukata, hata kama linawaudhi. Wakituma vijana na makoleo, andikeni siku hiyohiyo kwamba walikuja na walifika wapi. Wakubwa wanasoma kuliko mnavyodhani, na anayeona kazi yake imeandikwa kwa haki hupokea simu yenu ya pili.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya kamati, na neno la siri walijue watu wawili. Kijana aliyeitengeneza akipata kazi Kolwezi, ataondoka na funguo zote bila hata kukusudia. Na msilisajili Septemba. Malipo yanarudi kila mwaka tarehe ileile, na Septemba shule zinafunguka, hakuna mzazi mwenye hata faranga ya kuchangia. Letu linalipiwa Juni.