Miche ya paini kudumaa: angalia udongo kabla ya mbolea

Mkuu, umesema miche yako ya paini imedumaa kwenye viriba na sindano (majani yake membamba) zinageuka zambarau, ilhali maji na samadi inapata. Halafu ukataja kwamba udongo ulichota shamba la mahindi. Shida iko hapo.

Paini haistawi bila kuvu wa mizizini. Kuvu hao huivika mizizi midogo ala nyembamba, kisha hutandaza nyuzi zao mbali ardhini na kuiletea fosforasi na maji. Mti nao huwalipa sukari iliyotengenezwa na majani. Mahindi yana kuvu wake, ila ni wa kundi lingine, wanaoingia hadi ndani ya seli za mizizi. Kwa paini hawasaidii kitu.

Nenda chini ya paini zilizokomaa zenye afya, fagia sindano kavu, uchote udongo wa juu wenye nyuzi nyeupe. Changanya debe moja kwa madebe tisa ya udongo wako. Usiuanike juani, na mbolea ya fosforasi usizidishe. Mche ukishiba hauwakaribishi kuvu. Baada ya miezi kadhaa ng'oa mmoja uukague: vimizizi vifupi, vinene, vyenye ncha mbili kama herufi Y, ujue wameshika.

Miti ya miyombo nayo huishi hivyo hivyo, ndiyo maana masika uyoga mwingi mtamu, ambao ni tunda la kuvu hao, huota chini yake. (Ule wa kwenye vichuguu ni habari nyingine, huo hulimwa na mchwa.)