Nani Achague Kwanza? Uwanja na Wahusika Katika Mashindano ya Gemu za Mapigano

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita kibanda kimoja cha gemu hapa Mwanjelwa kiliandaa mashindano ya Tekken 7, gemu ya mapigano, kwa wachezaji 16, kiingilio shilingi 3,000. Nikafika fainali, mbili kwa tatu, yaani anayetangulia kushinda mapambano mawili kati ya matatu ndiye bingwa. Wakati wa kuchagua mtu wa kupigana naye kwenye gemu, mpinzani wangu alikuwa anazungusha tu kiboksi chake juu ya picha bila kubonyeza, nami nikafanya vivyo hivyo, mpaka mwenye kibanda akafoka kwamba umeme utakatika tukiwa bado tunachagua. Nikaona aibu, nikabonyeza King. Hapo hapo mwenzangu akamchukua Bryan, ambaye anajua fika kwamba hunisumbua, na akashinda. Sheria iliyobandikwa mlangoni inasema mshindi ndiye anayechagua uwanja unaofuata; akachagua wenye kuta, nikabanwa ukutani hadi mwisho. Je, nilidhulumiwa, au nimeshindwa tu kukubali matokeo?
— Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Ndugu yangu, yote mawili yana ukweli kiasi, na nitaanza na lile usilolipenda. Sheria ya uwanja ilikuwa mlangoni kabla hujatoa shilingi 3,000 zako, nawe ukaingia. Kwa hiyo fainali haiwezi kurudiwa kwa sababu hiyo, na zawadi ni halali ya aliyeichukua. Hata hivyo, sheria inaweza kufuatwa barabara na bado ikawa mbovu, na hiyo ya kibanda chenu ni mbovu kwelikweli.

Tuanze na kile kiboksi kilichokuwa kikizunguka. Hapo hamkuwa mnachelewesha watu kwa utoto, maana kila mmoja wenu alijua kwamba anayebonyeza wa pili anachagua akiwa ameshaona jibu la mwenzake. Katika gemu hizi kila mhusika ana wale anaowaweza na wale wanaomsumbua, kwa hiyo kubonyeza wa pili ni faida ya bure ambayo kwenu alipewa mwenye uso mkavu zaidi. Mashindano makubwa yalikwisha kulitatua jambo hili kwa uchaguzi wa siri: mchezaji yeyote akiomba, mmoja humnong'oneza mwamuzi jina la mtu atakayemtumia, mwenzake naye humchagua wa kwake waziwazi, kisha yule wa kwanza analazimika kumchukua yule aliyemtaja. Vipande viwili vya karatasi vilivyokunjwa na kukabidhiwa kwa mwenye kibanda vinafanya kazi hiyo hiyo, tena hata gizani.

Baada ya pambano la kwanza, kawaida iliyozoeleka katika gemu nyingi za mapigano ni kwamba mshindi hubaki na mhusika wake, na aliyeshindwa ndiye anayeruhusiwa kubadilisha. Wako wanaonung'unika kwamba huko ni kumbembeleza aliyeshindwa. Mimi sioni hivyo. Katika mpira, timu iliyofungwa ndiyo inayoanzisha tena katikati ya uwanja, na sijamsikia mtu Mbeya nzima akidai kwamba aliyefunga apewe mpira pia. Kibanda chenu kilifanya hasa hivyo: aliyekuwa mbele akaongezewa, na katika mchuano wa mbili kwa tatu maana yake ni kwamba ulianza pambano la pili ukiwa nyuma mara mbili.

Lakini kumpa aliyeshindwa nafasi ya kuchagua kuna jambo lake ambalo waandaaji wengi hawalipigii hesabu. Tuseme nafasi hiyo ina nguvu sana, kiasi kwamba aliyenayo hushinda karibu kila mara. Wewe ukishinda la kwanza, mwenzako atachagua na kushinda la pili. La tatu utachagua wewe, na utashinda. Kwa maneno mengine, mshindi wa mchuano mzima atakuwa yule aliyeshinda pambano la kwanza, na ndiyo maana pambano hilo lazima liwe safi kuliko yote: wahusika kwa siri, na uwanja usiotokana na matakwa ya yeyote.

Kuhusu uwanja, Tekken 7 ina viwanja vyenye kuta, vingine vyenye sakafu inayovunjika, na vingine, kama Infinite Azure, visivyo na mwisho. Bryan akishakusukuma ukutani maumivu anayokupa huongezeka sana, wakati katika uwanja usio na ukuta mtu hodari wa kurudi nyuma anaweza kukukimbia raundi nzima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kibaya chenyewe. Katika mashindano mengi ya Tekken uwanja huachiwa mashine iuchague kwa bahati nasibu, na chaguo hilo lipo kwenye orodha ile ile ya viwanja. Wachezaji wa Super Smash Bros., ambako uwanja una uzito mkubwa zaidi, hutumia njia ya kuondoa: vikiwa viwanja vitano vya kuanzia, wa kwanza huondoa kimoja, wa pili huondoa viwili, wa kwanza huondoa kimoja tena, na hapo hubaki kimoja ambacho hakuna aliyekikataa. Ni njia nzuri, ila kwa kibanda chenye luninga moja na foleni ya vijana nje, bahati nasibu inatosha.

Mwambie mwenye kibanda abandike karatasi nyingine mlangoni, na akishafanya hivyo aangalie pia nani anapewa ile pedi yenye kitufe kinachokwama.

SWALI: Hapa Kihesa bado tunacheza Tekken 3, na kila mashindano kuna asiyejua lolote anayemchukua mpiganaji aitwaye Eddy, anabonyeza vitufe ovyo na kushinda. Je, tukimpiga marufuku Eddy tutakuwa tumekosea?
— Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Mtakuwa mmekosea. Mhusika huondolewa pale ambapo wengine hawana jibu kwake, kama ilivyokuwa kwa Akuma wa gemu ya Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994, ambaye kombora lake la angani liliwaacha wengi bila la kufanya. Anayeshinda sana hastahili adhabu hiyo kwa sababu hiyo tu: katika Evo Japan, mashindano makubwa ya gemu za mapigano huko Japani, ya Januari 2020, wachezaji sita kati ya nane wa mwisho wa Tekken 7 walimtumia Leroy, mhusika mpya aliyekuwa ametoka wiki sita hivi tu kabla, lakini hakuondolewa mashindanoni, bali watengenezaji walimpunguza nguvu baadaye. Eddy jibu lake lipo, nalo ni kukinga teke la chini na kuadhibu, jambo linalotaka mazoezi ya jioni chache. Isitoshe, mkimwondoa yeye itabidi mmwondoe na Tiger, kwa kuwa mapigo yao ni yale yale. Ningekuwa mwamuzi wenu, wa kumjadili angekuwa Gon, yule dinosaria mdogo ambaye ngumi za juu humpita kichwani. Suala la uwanja msiliumizie kichwa, kwani kuta ziliingia katika Tekken 4. Huko kwenu mnabishania muziki na mandhari tu.